Mililita Ishirini na Nane

Mara ya tatu Tusekile alipojaza mafuta kwenye bomba la sindano, alihesabu mistari yake mara mbili. Miaka thelathini ya ufundi, na anahesabu mara mbili kwa kazi ya kumimina mafuta! Lakini mwili una tabia ya kujua mambo kabla mwenyewe hajakubali.

Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa imelazwa chali juu ya meza ya karakana, vyumba vyake vinne vikitazama dari. Juu ya chumba cha kwanza alikuwa ameweka kipande cha kioo chenye tundu moja dogo katikati. Kazi yenyewe ni nyepesi: unadondosha mafuta kupitia lile tundu mpaka yaguse kioo pande zote, kisha unasoma kwenye bomba umetumia kiasi gani. Chumba kile kilitakiwa kumeza mililita themanini na tatu. Mara ya kwanza kilimeza mia moja na kumi na moja. Tusekile akasema moyoni kwamba kioo hakikukaa vizuri. Mara ya pili, mia moja na kumi na moja. Akalisingizia bomba, akaenda kuchukua lingine kabatini, jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

Alimimina polepole. Themanini na tatu ikapita na mafuta hayajafika hata nusu ya ukuta wa juu. Tisini. Mia moja. Yalipogusa kioo alisoma namba, akaweka bomba mezani, akakaa kwenye kigoda na kujifunika uso kwa kanga yenye grisi.

Mililita ishirini na nane za ziada. Hazijazi hata kikombe cha kahawa. Na hakuna mwingine wa kulaumiwa, kwa sababu ile hedi alikuwa ameichonga yeye mwenyewe.

Miezi miwili alikuwa ameinamia kile chuma, tangu kilipoyeyushwa na kumiminwa kwenye subu. Alitaka hedi pana, yenye njia kubwa za hewa kuliko zote zilizowahi kufungwa mjini Lukwego, ili injini ipumue kwa nafasi. Alipanua njia, akaweka valvu kubwa zaidi, na kwa vile valvu kubwa zilikuwa karibu mno na kuta za chumba, akazilainisha kuta kwa tupa. Akalainisha tena. Jioni akipita karibu na meza, alikuwa anaona kona ambayo haijampendeza, anachukua tupa na kuipitisha kidogo tu. Chumba kikawa kinang'aa kama bakuli la sherehe. Mafundi wenzake wakaja kukishika na kukisifia, wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakaza mwendo. Hakupima. Alijua namba, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni kumi na tatu, kwa sababu hedi zake zote zilikuwa kumi na tatu.

Sasa ilikuwa kumi.

Mtu asiyejua injini anaweza kuuliza, kumi na kumi na tatu zina tofauti gani? Pistoni ikipanda inaibana hewa kwenye kile chumba cha juu. Chumba kikiwa kidogo, moshi unaobakia baada ya kuungua ni kidogo vilevile, na pistoni ikianza tu kushuka, njia ya hewa inahisi mvuto papo hapo. Chumba kikiwa kikubwa, ule moshi uliobaki lazima utanuke kwanza, na pistoni inakuwa imeshuka sehemu nzuri ya safari kabla hewa mpya haijashtuka. Njia nyembamba ingeweza kuvumilia mvuto dhaifu, maana hewa ikipita pembamba inakimbia. Njia pana haivumilii. Humo hewa inajiendea kivivu, spiriti ya ndizi inayoendesha injini inalowesha kuta badala ya kuchanganyika, na injini ikitakiwa kuzunguka taratibu huku imebeba mzigo mzito, inakohoa na kuzima.

Na injini za Lukwego zilifanya kazi hiyohiyo, kuzunguka taratibu na mzigo mzito. Tangu mlima ulipopasuka enzi za mabibi zao, mazuku yalikuwa yanatoka ardhini kila siku: hewa nzito, haina rangi wala harufu, inajaa mabondeni kama maji, inazima moto na kuua kila kinachopumua ndani yake. Mji ulijengwa kwa ngazi sita kwenye mteremko, na katika ngazi hizo injini thelathini na moja zilizungusha feni za kuyasukuma mazuku yaangukie korongoni. Umeme wa jua walishaujaribu, lakini asubuhi za ukungu, ambazo ndizo za hatari, jua halikuonekana. Kila injini ilivuta hewa safi kwa bomba refu lililopanda hadi juu ya mapaa, na bomba refu linataka mvuto wa maana.

Asubuhi ya Jumanne kulikuwa na ukungu, upepo hakuna. Injini ya Ngazi ya Sita, ya chini kabisa, ikazima. Asajile, mkulima wa viazi, alikuwa amechuchumaa jikoni kwake akiwasha jiko la mkaa. Kiberiti kikakataa. Akawasha njiti ya pili, ya tatu, akazidi kuinama. Walimkuta na njiti tano pembeni yake, hata moja haikuungua kupita kichwa.

Baraza la mji lilikuwa limemtuma Tusekile aifungue injini ili kuthibitisha kosa la mlezi wa injini, mtu aliyepewa kuiangalia. Walishaamua kwamba mlezi ndiye aliyekosea. Walichohitaji ni neno la fundi mkuu tu.

*

Mzee Gwakisa, mwenyekiti wa Baraza, alimsikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, na hadi Tusekile anamaliza kueleza hakuwa amekinywa.

“Umemwambia nani mwingine?” aliuliza.

“Nimekuja kwako kwanza, Mzee.”

“Basi umefanya la maana.” Aliweka kikombe chini. “Sasa nisikilize, binti yangu. Kinasa kinamsikiliza nani?”

Swali la kitoto. Kila injini ilikuwa na Kinasa chake, kisanduku cha shaba kilichofungwa ukutani, ambacho ndicho kilichopanga cheche iruke lini na spiriti iingie kiasi gani. Kinasa hakikuwa na macho. Kilipanga yote kufuata kauli: fundi mkuu anaweka kiganja juu ya hedi mpya, anatamka namba mbele ya watu, mlezi wa injini anajibu “Nimepokea,” na kuanzia hapo ni mwiko mtu yeyote kuipima. Kupima baada ya kauli ni kumtukana aliyeitoa.

“Kinanisikiliza mimi,” alisema Tusekile.

“Kinakusikiliza wewe. Na watu wanalala usingizi kwa sababu hiyo. Injini thelathini na moja zinazunguka kwa mdomo wako. Ukisimama kesho ukasema hukupima, nani atalala? Watataka zote zizimwe, zipimwe. Msimu wenyewe huu wa ukungu! Utamfukia Asajile mmoja, halafu uwafukie kumi?”

“Na Ambakisye?”

Mzee alijikuna shingo. Ambakisye ndiye mlezi wa ile injini. Sheria ilikuwa wazi: mlezi aliyesababisha kifo hushushwa, yeye na wote wa nyumba yake, wanatoka walipo na kuhamia Ngazi ya Sita, mazuku yanapofika kwanza.

“Ataishi,” Mzee alisema. “Watu wanaishi Ngazi ya Sita. Injini yenyewe utaitengeneza kimyakimya, utarudisha hedi ya zamani, kila mtu atakuwa salama. Ni neno moja tu nakuomba, tena ulishalisema. Sema tena kumi na tatu.”

Kilichomuumiza Tusekile ni kwamba alifarijika. Alitoka pale anatembea wepesi, na alifika kwenye kona ya kisima ndipo akaona haya kwa ule wepesi wa miguu yake.

*

Hakukusudia kupita kwa Ambakisye. Njia ya karakana inapita hapo, basi, na mlango ulikuwa wazi.

Alimkuta anafunga vyombo. Mke wake alikuwa anakunja magodoro, na mama yake mzazi, ajuza asiyeona vizuri, amekaa juu ya sanduku anauliza kila baada ya muda kama kuku wamechukuliwa. Hukumu ilikuwa kesho, lakini Ambakisye hakuwa mtu wa kusubiri kusukumwa.

“Shikamoo, mama,” Ambakisye alimwambia Tusekile, akafuta kiti kwa kiganja. “Karibu. Samahani, nyumba imevurugika.”

“Marahaba. Sikai.”

“Umeshaifungua?”

“Nimeifungua.”

Ambakisye aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, wa kuongea kwa kupima, na siku mbili zilikuwa zimemkondesha uso. “Nimeirudia ile asubuhi kichwani sijui mara ngapi,” alisema. “Ilianza kukohoa, nikaongeza spiriti kwa mkono. Labda nilichelewa. Au labda niliongeza nyingi, ikalowa. Usiku ule nilikuwa nimelala vizuri kabisa, mama, wanaosema nilisinzia ni waongo. Ila mkono wangu ndio ulikuwa pale. Kama siyo mkono wangu, ni nini?”

Tusekile alitazama magodoro.

“Nilitaka kuja karakana kukuomba radhi, nikaona aibu,” Ambakisye aliendelea. “Kazi yako ya miezi miwili, nimeichafua. Hedi nzuri namna ile, watu sasa wanaiita hedi ya msiba. Nisamehe, mama.”

Hapo ndipo Tusekile alipokosa pa kuuweka uso wake. Angetukanwa angevumilia, hata kupigwa. Lakini kuombwa msamaha na mtu huyu!

Maana siku ya kauli Ambakisye aliuliza. Watu walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha injini, wengine wamevaa nguo za kanisani, na Tusekile ameshaweka kiganja juu ya hedi yake inayong'aa, ndipo mlezi akasema kwa sauti ya chini: “Mama, hatuipimi kwanza?” Kabla ya kauli hakuna mwiko. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tusekile alimgeukia akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: “Unataka kuipima injini, au unataka kunipima mimi?” Watu wakaangua kicheko. Ambakisye naye akajilazimisha kucheka, uso umemshuka, akasema, “Nimepokea.”

“Siku ile uliuliza,” Tusekile alisema sasa. “Mbona Barazani hujawaambia kwamba uliuliza?”

Ambakisye alionekana kushangaa kweli. “Nitasemaje hivyo, mama? Si itakuwa kama nakusingizia wewe?”

“Na kuku je?” aliuliza ajuza kutoka kwenye sanduku. “Mmewachukua?”

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa kesho yake asubuhi, watu wa ngazi zote isipokuwa waliokuwa matangani kwa Asajile. Hedi ilikuwa mezani mbele, imefunikwa shuka jeupe, mtindo wa Mzee Gwakisa wa kupamba mambo. Alisoma shauri kwa sauti tulivu, akamgeukia Tusekile.

“Fundi mkuu, tupe kauli yako.”

Alikuwa amejiandalia maneno. Usiku mzima aliyapanga, ya heshima, yenye kueleza mvuto na njia za hewa na mililita, ambayo mtu akiyasikia angeona kosa lenyewe lilikuwa la kitaalamu sana, la kumpata yeyote. Alisimama, akatazama nyuso zile zilizomwamini tangu wengine hawajazaliwa, na maneno yote yale akayaacha.

“Sikupima,” alisema.

Ukumbi haukuelewa.

“Hedi hii sikuipima. Niliichonga ikapita kiasi, na niliwaambia kumi na tatu kwa mazoea ya mdomo. Siyo kumi na tatu. Ambakisye aliniuliza mbele yenu, nikamdhihaki, nanyi mkacheka. Hakuna alichokosea yule. Asajile amekufa kwa sababu yangu.”

“Fundi amechoka,” Mzee Gwakisa aliwahi kusema, amenyanyua mkono. “Siku tatu hajalala. Naomba tuahirishe ...”

“Sijachoka, Mzee. Nilikuja kwako jana na nikakueleza haya haya.”

Mkono wa Mzee ulibaki hewani, halafu ukashuka wenyewe. Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele. Tusekile alilitoa lile shuka, akalaza kioo juu ya chumba cha kwanza, akatoa bomba na chupa ya mafuta mfukoni mwa koti.

“Ambakisye, njoo uipime.”

“Mimi?”

“Wewe. Mimi wasiniamini tena.”

Alisogea mbele kama anayeitwa kwenye adhabu. Alikuwa hajawahi kupima hedi maishani, walezi hawapimi, ikabidi Tusekile amwelekeze pale mezani mbele ya watu mia nne: jaza bomba, soma kwanza, dondosha, usiharakishe, yakifika kwenye kioo simama. Mafuta yalipogusa kioo, Ambakisye alinyanyua bomba usawa wa macho, akahesabu mistari, akahesabu tena.

“Zimeingia mia moja na kumi na moja,” alisema.

“Zilitakiwa themanini na tatu,” alisema Tusekile.

Mwanamke mmoja wa Ngazi ya Tano, mfuma vikapu, alisimama katikati ya ukumbi. “Fundi,” aliuliza, “na ya kwetu je?”

Hili ndilo aliloliogopa Mzee Gwakisa, na kwa hili hakuwa amekosea. Tusekile alikuwa amechonga hedi pana nne mwaka ule. Moja ilikuwa hapo mezani. Moja ilikuwa Ngazi ya Tano, moja ya Nne, moja ya Pili.

“Ya kwenu pia sikuipima,” alisema.

“Ya Nne?” sauti ya mwanaume.

“Sikuipima.”

“Ya Pili?”

“Sikuipima.”

“Na zile za zamani?” aliuliza mtu wa mbele kabisa, mzee aliyekuwa fundi mwenzake. “Zile za kabla ya hizi?”

Alitafuta kichwani. Alitaka sana kusema alizipima. Alikumbuka akiwa kijana, akimimina mafuta kwa uangalifu, akiandika kila namba ukutani kwa chaki. Hakukumbuka aliacha lini. Hapakuwa na siku moja ambayo angeinyooshea kidole.

“Nyingine nilipima,” alisema. “Sijui ni zipi.”

Watu waliinuka tu, safu moja baada ya nyingine, wakaanza kutoka, kwa sababu nje ukungu ulikuwa haujaondoka na huko chini walikuwa wameacha wazazi na wagonjwa. Kupitia dirisha Tusekile aliwaona wakishuka mbio, na baada ya muda wengine wakipanda na mikeka na vikongwe migongoni. Hakuna hata mmoja aliyemtukana. Mfuma vikapu alipopita karibu naye alimkwepa bega, kama mtu anavyokwepa ukuta uliopakwa rangi mbichi.

Ambakisye alikuwa bado ameshika bomba. “Tuanze na ya Tano,” alimwambia mzee fundi. “Tuizime moja, tuipime, tuiwashe, ndiyo tuende nyingine. Watu wakae juu mpaka tumalize.” Mzee fundi akakubali kwa kichwa, wakatoka pamoja.

“Mama, hutaki kuja?” Ambakisye aligeuka mlangoni.

“Kuna mahali natakiwa kufika kwanza,” alisema Tusekile.

*

Siku tatu alikuwa hajakanyaga msibani. Aliwaambia watu kazi ya injini imembana, nao wakakubali, maana nani angemlazimisha fundi mkuu?

Nyumba ya Asajile ilikuwa ya mwisho kabisa, inapakana na shamba la viazi. Injini ya akiba ilikuwa inanguruma jirani. Wanawake wanne walikuwa kwenye mkeka uani, na katikati yao Tumpe, mjane, kajifunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa mdogo kuliko Tusekile alivyomkumbuka. Mbio za watu huku na huku zilikuwa hazijafika kule mwisho. Alipomwona mgeni alijikusanya akainuka, ingawa mfiwa hatakiwi kuinuka.

“Shikamoo, mama fundi.”

Neno la kujibu ni moja, mtu hulitamka mara hamsini kwa siku bila kufikiri. Tusekile hakujipa haki ya kulitamka.

“Tulikuwa tunakuulizia,” Tumpe alisema. “Wametuambia unaichunguza injini. Mungu akubariki, mama. Wengine wanasema mlezi alisinzia, wengine hivi, wengine hivi. Mimi nataka kujua tu. Kaa hapa kwenye mkeka.”

“Usiniamkie, mwanangu,” alisema Tusekile. Hakukaa mkekani. Alipiga magoti kwenye udongo, pembeni. “Nisikilize kwanza.”

Akamweleza. Hakueleza habari za mvuto wala njia za hewa. Alisema alichonga chuma kikampendeza, akaulizwa kama amekipima, akamcheka aliyeuliza. Mmoja wa wanawake alianza kulia, mwingine akasema “Yesu!” na kujishika kichwa. Tumpe hakulia. Alisimama pale pale, mikono imeshika ncha za kitambaa, akasikiliza mpaka mwisho kwa utulivu wa mtu anayejitahidi kuelewa.

“Kupima kwenyewe,” aliuliza, “kunachukua muda gani?”

Tusekile aliangalia chini.

“Robo saa,” alisema.